Mama akiuliza, "Hukuona kitu?"

Kila muhula, katika mazoezi ya darasani, mimi huigiza mama aliyefiwa. Daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya akili huketi mbele yangu, akijifanya ndiye aliyekuwa akimtibu mwanangu hadi alipojiua. Huanza vizuri: "Pole sana, mama." Kisha namuuliza, "Daktari, si ulimwona Jumanne? Hukuona kitu?" Hapo karibu wote hukimbilia faili: dozi, tarehe ya kliniki, fomu iliyojazwa.

Huwa nawarudisha pale pale. Mama hajaomba ripoti. Mtaje marehemu kwa jina. Sema ukweli bila kuupamba: "Nilimwona, tukazungumza, na siku ile sikujua kwamba tungempoteza." Kisha nyamaza. "Hakuna ambacho kingefanyika" humfariji daktari kuliko mama. Siri za mgonjwa hazifi naye, kwa hiyo si kila alichokuambia utakisema. Lakini kusikiliza hakuvunji siri ya mtu.

Hapa Kenya kuna jambo la ziada. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Hofu haikuondoka siku hiyo. Matangani bado utasikia "aliugua ghafla". Ndiyo maana, kabla ya kufungua mdomo mbele ya mashemeji, muulize mama faraghani: nani anajua nini?

Daktari naye amefiwa, ingawa hatupendi kulisema. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1988 ulikuta kwamba takriban nusu ya madaktari wa akili waliohojiwa walikuwa wamempoteza mgonjwa kwa kujiua. Mimi nilimpoteza wangu nikiwa bado masomoni. Ujumbe wa kwanza kutoka kwa wakubwa uliuliza kama nimetia sahihi maelezo ya kliniki. Aliyeniuliza kama nimekula ni mfagiaji wa wodi. Leo, mwanafunzi wangu akifikwa na hili, nampigia mwenyewe kabla hajaguswa na kikao chochote cha kuchunguza kifo, na zamu ya usiku ule anaishika mwingine.

Swali ambalo hawakosi kuniuliza ni kama waende mazishini. Familia ikikualika, nenda. Keti nyuma, usishike maikrofoni. Mtu akitaka kujua wewe ni nani, mwambie ulimfahamu marehemu.