Kindi, karanga na vyungu vya maua barazani

Mwezi wa tano mwaka jana bibi mmoja wa Mikindani alinipigia simu mchana. "Mjukuu wangu, njoo uone. Wamenifukulia miasumini yangu tena." Nilipofika nikamwamkia, akaitika marahaba huku macho yake yakiwa chini. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa baraza, ufagio mapajani, na udongo mwekundu umetapakaa mpaka mlangoni. Miasumini miwili ilikuwa imeinama, mizizi nje. Mrehani umevunjika shina. Vinka, ile nyeupe yenye kitovu chekundu, ilikuwa imeng'olewa kabisa na kulala sakafuni, na hakuna jani lake hata moja lililotafunwa.

Ile vinka ndiyo iliyonipa jibu. Mmea huo ni mchungu na una sumu. Mbuzi wanaozurura mtaani huupita kama hawauoni. Utomvu wake una nguvu kiasi kwamba dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini, zimetokana nao. Mnyama mwenye njaa hana kazi na vinka. Nikatia vidole kwenye chungu chake, na chini kidogo, kama urefu wa pingili mbili za kidole, nikagusa kitu kigumu. Karanga mbili. Maganda ya nje yametolewa, ngozi nyekundu bado ipo, na moja imeanza kutoa mzizi mweupe.

Nikageuka. Mwisho wa baraza lile lile palikuwa na mkeka, na juu yake karanga za msimu zimeanikwa.

Kindi hakuwa na haja na maua ya bibi. Alihitaji ghala. Tangu nianze kazi ya vitalu vya miche hapa Mtwara, karibu kila mteja anayelalamikia kindi huniuliza dawa ya kupulizia maua, na karibu kila mara shida iko kwenye udongo, au kwenye chakula kilichoachwa hatua tatu kutoka kwenye chungu. Kindi huficha mbegu mojamoja, huku moja, kule moja, na hutaka mahali palipo laini. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa nne hivi. Zikiisha na upepo wa kusi ukishika, ardhi ya uani hukauka ikawa ngumu. Udongo pekee unaobaki laini na wenye unyevu ni ule unaoumwagilia wewe kila asubuhi. Umemwandalia ghala bila kujua.

Kabla ya kumlaumu, hakikisha ni yeye. Kindi ni wa mchana. Ukimwagilia jioni ukalala, ukaamka kabla ya jua ukakuta maafa, huyo ni panya. Kindi huchimba kashimo kafupi, upana wa kikombe cha kahawa, na kurusha udongo upande mmoja. Kuku huparua chungu kizima. Konokono hachimbi, hula majani na kuacha njia inayong'aa. Nyunyiza majivu sakafuni kuzunguka vyungu saa kumi na mbili jioni, uyaangalie alfajiri, halafu tena saa sita mchana. Siku mbili zinatosha kukupa ukweli.

Kinga ninayoitegemea ni waya. Nunua waya wa matundu madogo, nusu inchi au chini ya hapo. Ule mpana wa mabanda ya kuku hupitisha mkono wa kindi vizuri tu. Kata duara la upana wa mdomo wa chungu, upasue kutoka ukingoni hadi katikati, ukate tundu la kupitisha shina, kisha uulaze juu ya udongo kabisa, usiache nafasi. Kunja ncha kali kuelekea chini. Juu yake panga vigae vya vyungu vilivyovunjika au kokoto za mtoni. Maji yatapita, hewa itapita, ila kindi akikwaruza mara mbili tatu atakuta chuma na kuondoka. Shina likinenepa, panua tundu. Nimeona mwasumini uliokabwa na waya ambao mwenyewe aliusahau miaka miwili, na hapo kindi hahusiki tena.

Naomba msikilize hili la mawe. Pwani yetu mawe ya matumbawe yamejaa, meupe, mazuri, na watu huyapenda juu ya vyungu. Mawe hayo ni chokaa. Kila unapomwagilia yanayeyuka kidogo kidogo na kuufanya udongo ukose tindikali, na mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma. Utaona majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mwasumini huteseka mapema, waridi pia. Watu huongeza mbolea, hali inabaki ile ile. Ondoeni mawe kwanza.

Na makumbi ya nazi ambayo wengi tunachanganya na udongo ili ushike maji: kama yametoka ufukweni yana chumvi. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, umwage, uloweke tena, mara tatu. Mimi huchanganya ndoo mbili za udongo mwekundu, ndoo moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na nusu ndoo ya makumbi. Samadi ambayo haijaoza huunguza mizizi.

Kuanzia mwezi wa nane hadi kwenye mvua za kwanza mambo hubadilika. Hapo kindi hula kweli. Kila kitu kimekauka, na tumba la haibiskasi au la waridi ni maji na utamu pamoja. Hula tumba, huacha kikonyo kimekatwa mshazari, safi kama kwa kisu. Hapa pilipili husaidia. Twanga kiganja kimoja cha pilipili kichaa, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko kidogo cha sabuni ya maji ili ishike, jaribu kwenye jani moja kwanza, halafu nyunyizia matumba na ukingo wa chungu jioni jua likishapoa. Maua yaliyofunguka yaache, nyuki wanayatembelea. Ndege hawasikii ukali wa pilipili hata kidogo, kwa hiyo chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, wataendelea kuja. Rudia kila baada ya siku nne. Pia mimi huweka kibakuli cha maji chini ya mwembe mbali na baraza, na kuyabadilisha kila siku yasizae mbu. Wapo wanaosema nawaita. Nionavyo, kiu ndiyo inayowaita, na ni heri wakaimalize kule.

Sumu sitaki hata kuisikia. Sumu ya panya iliyowekwa kwenye chungu huliwa na kuku, hufika kwa paka, na barazani ndipo watoto wanapocheza. Wengine, kwa kuwa huku kila nyumba ina salfa ya mikorosho, huinyunyiza kwenye maua. Salfa ni dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, kindi haimkatazi kitu, na ukiipaka mchana wa joto letu huunguza majani. Isitoshe huwasha macho ya kila anayekaa hapo.

Wala msitumie nyavu za kuvulia zilizochakaa. Nilimshauri hivyo mteja wa Shangani, hapa hapa Mtwara, miaka yangu ya mwanzo, na kosa lilikuwa langu. Siku ya tatu tulimkuta kindi amenaswa, uzi umemkata juu ya mguu wa nyuma. Nilimshika kwa kitenge, nikakata uzi mmoja mmoja kwa mkasi. Tumbo lake lilikuwa jekundu la kutu, na moyo ulidunda haraka hadi nikashindwa kuutofautisha na mtetemeko. Aliniuma kidole hadi ndani, akaruka, akapanda mkorosho akichechemea. Nikaosha kwa sabuni na maji mengi, kisha nikaenda kuonyesha hospitali. Toka siku hiyo ni waya mgumu uliolala chini, basi.

Kwa wanaoanza, pangeni vyungu kwa akili. Nje kabisa, upande wa mti, wekeni bogenvilia yenye miiba, vinka, na waridi la jangwani, ambalo utomvu wake ulipakwa kwenye mishale. Vaeni glavu mnapolipogoa. Asumini, mrehani na waridi zikae ndani, karibu na mlango, ambako watu hupita. Tawi la mwembe linaloning'inia juu ya paa lipogolewe. Mimi huacha mita mbili.

Bibi alihamishia mkeka wake uani, chini ya macho ya wajukuu, na tukaweka waya kwenye vyungu vyote saba. Wiki mbili kindi alikuja, akakwaruza, akaondoka. Baadaye hakuja tena. Mwezi wa saba bibi aliniita nikachukue miche ya mrehani, na alikuwa na asumini za kutosha vikuba viwili, yale mafungu ya maua ya kujipamba, vya arusi ya mjukuu wake. Ile karanga iliyochipua alikataa nisiitupe. Ameipanda kwenye kopo la rangi, na kopo nalo ametaka liwekewe waya.