Betri ya gari la spoti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gari limekaa wiki tatu chini ya turubai. Mwenyewe anakuja Jumamosi asubuhi, anabonyeza rimoti, milango haifunguki. Anafungua kwa ufunguo wa chuma, anapiga stata, anasikia tk-tk-tk basi. Kila anayepita anamwambia neno lile lile: nunua betri nyingine, hiyo imezeeka. Pengine ni kweli imezeeka. Lakini nimeona betri mpya zikifa ndani ya mwaka mmoja kwenye gari lile lile, kwa sababu aliyezifunga hakuuliza ile ya kwanza iliuawa na nini. Mengi tunayoambiana kuhusu betri za magari haya yalikuwa kweli kwa magari ya zamani, na mengine hayajawahi kuwa kweli hata siku moja.

"Gari halitembei sana, kwa hiyo betri yake itadumu"

Dhana hii imeua betri nyingi kuliko nyingine zote, ndiyo maana nitakaa nayo.

Gari la kisasa likifungwa halilali usingizi wa pono. Alamu iko macho, kipokezi cha rimoti kinasubiri ishara, kompyuta zinatunza kumbukumbu zake. Vyote hivi vinakula umeme kidogo kidogo, na kiasi cha miliampea 50, yaani ampea 0.05, huhesabiwa kuwa cha kawaida. Zidisha kwa saa 24: ni ampea-saa 1.2 kwa siku (ampea-saa ndicho kipimo cha umeme ambao betri hubeba). Betri ya ampea-saa 60 iliyokuwa imejaa siku gari lilipoegeshwa itabaki nusu baada ya siku 25, na hapo hakuna kitu kibovu kwenye gari.

Kushuka kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kuachwa pale chini. Betri ya risasi, ile ya kawaida yenye sahani za madini ya risasi ndani ya tindikali, inapotoa umeme, sahani zake hufunikwa na salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye tindikali. Ukiiacha wiki kwa wiki, inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi, na sehemu ya sahani iliyofunikwa imekwenda hiyo. Kila ikiachwa hivyo, betri inarudi ikiwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Ndiyo sababu gari la kwenda kazini kila siku linaweza kufika miaka mitano na betri moja, huku gari la spoti linalotolewa mara mbili kwa mwezi likiimaliza kwa miaka miwili au mitatu.

Dawa yake ni chaja ya kudumisha: kichaja kidogo chenye akili, kinachoijaza betri kisha kuishikilia kwenye volti 13 na pointi kadhaa bila kuipika. Kama gari lako hukaa ndani wiki nzima, nunua hicho kabla hujanunua betri. Usitumie chaja ya zamani isiyojizima. Hiyo huchemsha maji ya betri mpaka sahani zibaki wazi.

Wapo wanaojibu kwamba wao huwasha injini dakika kumi kila baada ya siku chache. Stata ikivuta ampea 200 kwa sekunde tatu, inatumia kama ampea-saa 0.17 tu, na hizo alternata, jenereta inayozungushwa na injini, huzirudisha upesi. Zile ampea-saa kumi au ishirini zilizopotea gari likiwa limesimama hazirudi kwa dakika kumi. Injini ikiunguruma polepole gari likiwa limesimama, alternata haitoi nguvu yake yote. Feni, pampu ya mafuta na taa huchukua fungu lao kwanza, na betri yenyewe hupokea polepole kadiri inavyokaribia kujaa. Kujaza betri iliyoshuka ni kazi ya saa nyingi. Wakati huo huo oili haijapata joto na maji yanabaki kwenye ekzosi. Kwa maoni yangu, gari lisilotembezwa ni heri lisiwashwe kabisa kuliko kuwashwa namna hiyo.

"Multimita inasoma 12.6, kwa hiyo betri ni nzima"

Multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, husoma volti, na volti zinaeleza betri imejaa kiasi gani. Haziwezi kueleza ina afya gani. Betri ya kawaida ya risasi iliyopumzika saa kadhaa husoma takriban 12.6 au 12.7 ikiwa imejaa, 12.4 ikiwa robo tatu, 12.2 ikiwa nusu, na 12.0 ikiwa imebaki robo. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utapata namba nzuri ya uongo, kwa maana chaji ya juujuu bado haijatulia.

Betri kuukuu ni kama debe lililotiwa kokoto. Maji yanafika ukingoni upesi, ukilitazama kwa juu limejaa, lakini ukimimina hupati kitu. Ili kuijua, lazima uibebeshe mzigo. Mwombe mtu apige stata huku wewe ukitazama multimita: katika hali ya hewa ya wastani isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka ingawa ilikuwa imejaa, imechoka. Mafundi wa umeme wa magari wana kipimo maalumu kinachopima uwezo wa betri kupitisha umeme, na dakika mbili za kipimo hicho zinaokoa ubishi wa wiki nzima.

Wengi husema baridi ndiyo inayoua betri. Joto ndilo linaloua, baridi huja kutangaza msiba. Joto huharakisha kutu ndani ya sahani na kukausha maji, na uharibifu huo hujificha mpaka asubuhi moja ya baridi, injini nzito na betri iliyodhoofika vikikutana. Katika gari la spoti, chumba cha injini hubanwa sana na hewa haipiti kwa raha, na hiyo ni moja ya sababu betri nyingi za magari haya huwekwa mbali na injini. Sababu nyingine ni kugawanya uzito kati ya mbele na nyuma.

"Yoyote inayoingia kwenye trei inatosha"

Tuanze na upande wa hofu, maana wapo wanaoamini kuwa betri yenye ampea nyingi zaidi itaunguza stata. Haitaunguza. Stata huvuta inachohitaji, na ziada inabaki ndani ya betri. Ile namba ya ampea za baridi iliyoandikwa ubavuni ni kiasi ambacho betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Kuizidi namba ya mtengenezaji hakudhuru. Kupungukiwa ndiko kunakokusumbua.

Hatari iko kwenye aina na umbo. Betri ikikaa ndani ya buti au nyuma ya viti, unavuta hewa moja nayo. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifikia takriban asilimia 4 ya hewa. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, iliwekewa betri kwenye buti pamoja na mirija ya kupeleka gesi nje ya bodi. Mtu akifunga betri isiyo na tundu la kuchomeka mrija, gesi na mvuke wa tindikali hubaki ndani ya buti, na bati huanza kuliwa na kutu mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Gari likitoka kiwandani na betri ya AGM, ile ambayo tindikali yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, rudisha AGM. Gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani humaliza betri ya kawaida upesi sana.

Halafu kuna kimo. Betri iliyozidi urefu kidogo inaweza kuguswa na boneti kwenye kichwa chake cha chanya (+), na hapo moto hauko mbali. Na kibano cha chini lazima kikaze. Gari hili limeundwa kukata kona kwa kasi, na kilo 16 za risasi zikianza kuteleza zinavunja trei na kukata nyaya.

"Weka lithiamu, utahisi tofauti"

Mwaka 2010 Porsche ilianza kutoa betri ya stata ya lithiamu kwa wanunuzi wa 911 GT3, GT3 RS na Boxster Spyder. Ilikuwa na uzito usiofika kilo 6, pungufu kwa zaidi ya kilo 10 kuliko betri ya risasi ya ampea-saa 60. Ni kazi nzuri ya uhandisi, tena naipenda. Ila jambo linalosahaulika ni kwamba mnunuzi alipewa na betri ya kawaida pia, kwa ajili ya siku za baridi kali.

Pungufu ya kilo 10 kwenye gari la kilo 1,400 haifiki hata asilimia moja. Kwa anayeshindana kwa sekunde uwanjani, ina maana. Kwa gari linalolala gereji, rudia hesabu ya juu: betri ile ilikuwa na ampea-saa 18, na gari linalokula 1.2 kwa siku lingeikausha kwa siku 15. Betri hizi pia hazitaki kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, na zinataka chaja yake inayozielewa. Anayejua hayo na akaitaka, aiweke. Anayeiweka kwa sababu ameambiwa haifi, amedanganywa.

"Kubadilisha ni nati mbili tu"

Kabla ya kushika spana, fikiria mlango au boneti utakayoifungua hufunguka kwa nini. Kwenye Porsche 911 ya kizazi kiitwacho 997 betri iko mbele, na kufuli ya boneti ya mbele hutumia umeme. Betri ikifa boneti haifunguki, na bila kufungua boneti huifikii betri. Wahandisi waliweka kichwa cha chanya cha kuvuta ndani ya kisanduku cha fyuzi miguuni, unachokiunganisha na betri ya nje kwa ajili ya kufungua kufuli tu. Kamwe usijaribu kuwasha injini kupitia hapo. Jifunze njia ya gari lako wakati bado lina umeme, na betri ikishatoka usifunge buti wala boneti mpaka nyingine iwe imeungwa.

Madirisha yasiyo na fremu nayo yanataka heshima. Mlango ukifunguliwa, kioo hushuka kidogo ili kitoke kwenye mpira. Bila umeme hakishuki, na kuulazimisha mlango hurarua mpira au kupasua kioo. Shusha vioo kabla ya kuanza.

Ng'oa waya wa hasi (−) kwanza, urudishe mwisho. Spana inayofungua chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imeunganishwa, umeme wote wa betri unapita kwenye chuma hicho, na pete iliyo kidoleni inaweza kukuunguza mpaka mfupani. Vua pete na saa.

Betri ikishakaa, kazi haijaisha. Vioo vinaweza kuhitaji kufundishwa upya kwa kushikilia swichi, na taa ya usukani au ya kuzuia kuteleza inaweza kuwaka hadi utembee mita kadhaa ukizungusha usukani. BMW nyingi za tangu miaka ya 2000 zinatakiwa ziambiwe kwa kompyuta kwamba betri ni mpya. Zisipoambiwa huendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu.

Machache ya kupitia haraka. Kuchomoa betri injini ikiwa inaunguruma ili "kupima alternata" kunaweza kurusha volti nyingi ghafla na kuunguza kompyuta. Pima kwa multimita: 13.8 hadi 14.7 kwa kawaida ni alternata nzima. Betri yenye vifuniko vya kufungulia ikipungua maji, inaongezwa maji yaliyosafishwa, si tindikali, kwa kuwa kilichopotea ni maji. Na sakafu ya saruji hainyonyi betri yenye kasha la plastiki.

Linalobaki ni lile swali la mwanzo, kilichoiua ya kwanza. Betri mpya ikiwa mahali pake, funga gari, liache karibu saa nzima kompyuta zilale, kisha pima kwa kibanio cha ampea, kipimo kinachobana waya na kusoma umeme unaopita, kwenye waya wa hasi. Ukikuta miliampea 300 badala ya 50, betri yako ya ampea-saa 60 inafika nusu kwa siku nne. Usikimbilie kuchomoa fyuzi, maana kufungua na kuchomoa huziamsha kompyuta. Gusa ncha mbili za juu za kila fyuzi kwa multimita iliyowekwa kwenye milivolti. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri, na ile inayopitisha husoma zaidi ya hapo. Fuata waya wake mpaka mwisho.