Krapf: asili ya jina la ukoo lililo kwenye kamusi ya Kiswahili ya 1882

Mwaka 1882, mjini London, ilitoka kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza. Mtungaji wake, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Wanaosoma historia ya lugha yetu hulitaja jina hilo kila mara, kila mtu akilitamka kwa namna yake, na wakishajua kwamba kazi yangu ni kuchunguza majina ya koo za Kijerumani, huniuliza yaleyale: Krapf maana yake nini, na je, Wajerumani wanaoitwa hivyo ni wengi?

Kwa kifupi, ni jina la utani la zama za kati, limetokana na neno lenye maana ya kulabu, na wenye jina hilo ni wachache, wengi wao wa kusini mwa Ujerumani. Ila mimi huona kwamba utamu wa jina hili uko kwenye konsonanti zake mbili za mwisho, p na f. Hizo peke yake zinakuonyesha nyumbani kwa ukoo kabla hujatazama ramani. Nitafika hapo, lakini kwanza maana.

Katika Kijerumani cha kati ya karne ya 11 na ya 14, krapfe ilikuwa kulabu: chuma kilichopinda cha kutundikia au kuvutia kitu, au kile kinachoshikilia mlango kwenye mhimili wake. Neno hilohilo likapewa andazi linalokaangwa kwenye mafuta, kwa kuwa zamani lilifinyangwa likiwa limepinda. Krapfen ya leo ya Bavaria na Austria ni ya duara, ina jamu ya aprikoti katikati na sukari laini juu. Mtu wa Mombasa akiandaliwa na chai atajua yuko mbele ya andazi, ila limetiwa jamu. Umbo la kulabu limepotea, jina limebaki. Mjini Vienna, kanuni ya wapishi ya mwaka 1486 inawataja wanawake waliofanya kazi ya kupika Krapfen, kwa hiyo hii ilikuwa kazi inayotambuliwa na serikali ya mji.

Neno hili lina ndugu wa mbali. Wafaransa walilipokea kutoka kwa Wafranki, kabila la kale la Kijerumani, likiwa na p bila f, na kwao likazaa grappe, kichala cha zabibu. Waingereza nao wakalichukua kwa Wafaransa, wakapata grape, zabibu yenyewe. Kulabu ya mwanzo bado imo humo ndani.

Sasa, kulabu au andazi huwaje jina la ukoo? Hadi karibu karne ya 12, mtu wa kawaida katika nchi za Kijerumani alikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, na watu wakawa wanachagua majina yaleyale machache, Heinrich na Johannes na Konrad, karani wa soko au wa mahakama hakuweza tena kumjua mdaiwa kwa jina lake pekee. Akaongeza kitu: jina la baba, kazi, mahali mtu alikotoka, mahali alipojenga, au lile ambalo majirani walimwita kwa utani. Desturi hii ilitangulia magharibi na kusini, ikapanda kaskazini polepole. Huko Ostfriesland, pwani ya Bahari ya Kaskazini, watu waliendelea kujiita kwa jina la baba, likibadilika kila kizazi kama tunavyosema Ali bin Hamisi na mwanawe akawa Omari bin Ali, hadi amri ya Napoleon ya 1811 ilipowataka wachague jina moja la kudumu.

Krapf liko kwenye fungu la utani. Aliyelipewa kwanza pengine alikuwa mkaangaji wa Krapfen, au mtu aliyezipenda mno, au mwenye pua au mgongo uliopinda kama kulabu. Watu hunitaka nichague moja, nami hukataa, maana kila moja inaweza kuwa kweli kwa ukoo wake. Jina la utani linalotokana na neno la kila siku halizaliwi mara moja. Lilizuka kijiji hiki, likazuka na kile, katika vizazi tofauti, kwa watu wasiojuana. Krapf wa Swabia na Krapf wa Franconia, maeneo mawili ya kusini mwa Ujerumani, si lazima wawe damu moja. Anayekuuzia nembo ya ukoo wa Krapf wote duniani anakuuzia kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

Kinachosaidia ni hati za kale zaidi. Jina la mahali aghalabu hutanguliwa na von, yaani kutoka. La utani au la kazi hutanguliwa na der, yaani yule, au kwa Kilatini cha makarani, dictus, yaani aitwaye. Baada ya vizazi kadhaa viungo hivyo hudondoka, na jina linabaki peke yake likiwa halimwelezi tena aliyelibeba. Johann Ludwig Krapf mwenyewe ni mfano mzuri. Alizaliwa Januari 1810 huko Derendingen, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Tübingen, na katika maelezo ya maisha yake aliandika kwamba baba yake alikuwa mkulima. Hapo hakuna tanuri wala kikaango. Jina lilikuwa limeganda mamia ya miaka kabla yake.

Nirudi kwenye p na f. Kabla ya mwaka 800, lahaja za kusini mwa nchi za Kijerumani zilipitia mabadiliko makubwa ya konsonanti. P iliyokuwa mwanzoni mwa neno, au iliyokazwa katikati, ikageuka kuwa pf. Za kaskazini hazikubadilika, na Kiingereza, ambacho ni ndugu wa lahaja hizo za kaskazini, hakikubadilika pia. Ndiyo maana Mwingereza ana apple na Mjerumani ana Apfel. Sisi tunasema pauni kwa sababu tuliipata kwa Waingereza. Mjerumani anaita Pfund. Wanaisimu wamechora mstari unaotenganisha wanaosema Appel na wanaosema Apfel. Mstari huo unavuka mto Rhine karibu na mji wa Speyer, na ndio uliopewa jina la mji huo.

Tübingen iko kusini yake, kwa hiyo Krapf. Vuka mstari kuelekea kaskazini na neno lilelile linakuwa Krapp. Hata andazi linatii: huko Hessen huitwa Kräppel, bila f, na Bavaria ni Krapfen. Ukishuka kusini-mashariki jina huongezewa l ya kudogosha, ukapata Krapfl au Kräpfl, na hiyo ni alama ya Mbavaria au Mwaustria. Mtu akiniambia babu yake aliitwa Krapf na alikuwa wa Hamburg, jambo la kwanza ninalofikiri ni kwamba kuna aliyehama, kwa kuwa jina hilo halikuundwa kwenye lahaja ya huko.

Tahadhari mbili. Krapp si kila mara jina hili lenye p. Ni pia jina la mmea ambao mizizi yake ilitoa rangi nyekundu ya kutilia vitambaa, na baadhi ya koo huenda zimetoka huko. Na Kropf, ingawa limetofautiana kwa irabu moja tu, ni neno jingine kabisa. Maana yake ni rovu, uvimbe wa shingo uliowasumbua watu wa milima ya Alps kwa vizazi kwa sababu ya upungufu wa madini ya joto. Utani wa zama za kati haukuwa na huruma.

Kuhusu idadi, lazima nieleze inavyopatikana, maana hapa ndipo watu wanapopotoshwa zaidi mtandaoni. Takwimu nyingi za majina ya Ujerumani unazoziona hazikutoka kwenye sensa. Zimetoka kwenye orodha za simu za mezani. Watafiti wa Atlasi ya Majina ya Ukoo ya Ujerumani, iliyoongozwa na Konrad Kunze na Damaris Nübling, walitumia orodha ya wateja wa shirika la simu ya mwaka 2005, yenye laini za nyumbani milioni 28 hivi. Laini moja ni kaya moja, kwa hiyo anayetaka idadi ya watu huzidisha kwa kadiri ya watu watatu kasoro. Ukikuta tovuti inakupa idadi ya watu hadi mtu wa mwisho, ujue ni kuzidisha huko.

Katika orodha hiyo Müller ina zaidi ya laini 250,000. Krapf haimo hata kwenye mia ya kwanza. Wenye jina hilo nchini ni wa kuhesabika kwa maelfu tu, wakiwa wamejikusanya kwenye majimbo ya kusini ya Baden-Württemberg na Bavaria. Hata hivyo orodha nzima ina majina tofauti yapatayo 850,000, na yanayofikisha laini kumi au zaidi ni kama 200,000 tu. Yaani Krapf ni adimu ukihesabu watu, lakini ukihesabu majina, yako mengi mno yaliyo nyuma yake, mengine yakiwa yamebaki na kaya moja.

Ukitazama ramani ya jina, uliza kwanza kama inaonyesha idadi kamili au uwiano. Ramani ya idadi kamili itang'aa Berlin, Munich na Stuttgart kwa jina lolote lile, kwa sababu watu ndiko waliko. Ya uwiano, inayolinganisha wenye jina na wakazi wote wa wilaya, ndiyo inayoonyesha shina. Na hata hiyo ina ukungu. Baada ya 1945 Wajerumani wapatao milioni 12 walifukuzwa au kukimbia kutoka mashariki na kutawanywa nchi nzima, na majina yao yakaenda nao. Majina ya kusini-magharibi yalisalimika zaidi kwa kuwa kitovu chake hakikuguswa.

Wenzake Krapf wa kituo cha misheni cha Rabai, karibu na Mombasa, nao wanafaa kutazamwa, maana majina yao ni ya mafungu mengine. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alizaliwa 1820 Gerlingen, karibu na Stuttgart. Reb ni mzabibu, Mann ni mtu: mkulima wa mizabibu. Hili ni jina la kazi lisilo na utata, na bado linakupa jimbo. Kazi hiyohiyo Franconia ilizaa jina Häcker, Austria Hauer, kwingine Winzer au Weingärtner. Rebmann ni la bonde la Rhine ya juu na kandokando yake, kuanzia Alsace na Baden hadi Uswisi na Württemberg, nchi ya Stuttgart na Tübingen. Wa tatu, Jakob Erhardt, aliyechora na Rebmann ramani ya 1856 yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki, ana jina la baba: Erhard, jina la kale lililoundwa kwa maneno ya heshima na uimara, na lililopendwa kusini kwa sababu ya mtakatifu Erhard wa Regensburg. Utani, kazi, jina la baba. Watu watatu wa Württemberg walioishi Rabai.

Anayetaka kufuatilia ukoo wowote wa huko, iwe kwa utafiti wa wamisionari au kwa sababu ya babu yake mwenyewe, atafanya kazi na vitabu vya kanisa. Württemberg ya Kiprotestanti iliamriwa kuvitunza tangu 1558, ingawa vingi viliteketea katika Vita vya Miaka Thelathini. Usajili wa serikali kwa Ujerumani nzima ulianza Januari 1876, na ni hapo tahajia zilipoganda rasmi. Kabla yake, kila mchungaji aliandika alivyosikia au alivyozoea, na Krapff yenye f mbili ni ya kawaida kabisa. Mwandiko wenyewe, wa Kurrent, yaani mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, una s ndefu inayofanana mno na f: mstari wima unaopita juu na chini, tofauti ikiwa kitanzi kidogo tu. Kwa hiyo kwenye faharasa za kidijitali Krapf wengi wamesomwa kuwa Kraps, nami hutafuta yote mawili kila mara.

Kuna na kitu kimoja ambacho wageni hawakijui. Hadi karne ya 18, na mahali pengine baadaye, wanawake wa kusini waliandikwa kwa jina la ukoo lenye -in mwishoni. Binti au mke wa Krapf ni Krapfin. Halikuwa jina jingine, na likinakiliwa leo hurudishwa kuwa Krapf. Ila mashine ya kutafutia haijui hilo. Andika Krapf, Krapff, Kraps, Krapfin na Krapffin, kisha fungua picha ya ukurasa wenyewe usome majina ya wasimamizi wa ubatizo, kwa sababu kijijini walikuwa aghalabu ndugu au majirani wa karibu, na mara nyingi wao ndio wanaokuonyesha huyu ni Johann Krapf yupi kati ya watatu walioishi kijiji kimoja mwaka mmoja.