Kodak Waliiona Kamera ya Dijitali, Tena Waliitengeneza Wenyewe

Nimeomba kwa upole, nimeomba kwa ukali, sasa naandika: acheni kutishia watu kwa jina la Kodak, kampuni ya Marekani ya kamera na filamu za kupigia picha, ili wanunue programu. Wiki hii tena, mjumbe mmoja wa bodi alifunga mjadala wa bajeti ya akili mnemba kwa maneno yale yale: "Kodak hawakuiona dijitali ikija, na sisi tusilale." Wenzake wakaitikia kwa vichwa, kisha wote wakamgeukia mkuu wa teknolojia, utadhani ameajiriwa kukaa mnarani na kupiga baragumu kila kifaa kipya kikitokea.

Kodak waliiona. Mwaka 1975 mhandisi wao, Steve Sasson, aliunda kamera ya dijitali ndani ya maabara yao wenyewe. Kichujio cha rangi kilichomo hadi leo katika kamera nyingi za simu kinaitwa Bayer, kwa jina la Bryce Bayer, mwanasayansi wa Kodak, na hataza yake ni ya 1976. Kama hayo hayatoshi, mwaka 2005 Kodak ndio walioongoza kwa mauzo ya kamera za dijitali Marekani. Januari 2012 wakaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wao. Haya, niambieni ni kifaa gani walichosahau kununua.

Kilichowashinda ni kuishi bila faida ya filamu. Mteja wa filamu ananunua, anapiga, anasafisha, anachapisha, ananunua tena. Mteja wa kamera ya dijitali analipa mara moja, faida yake nyembamba, halafu simu inakuja kuimeza kamera yenyewe. Hata mkuu wa teknolojia hodari kiasi gani hawezi kuliponya hilo kwa kufungua maabara nyingine. Fujifilm wa Japani nao walikuwa watu wa filamu, na poromoko la baada ya 2000 liliwakumba vilevile. Wao walipunguza viwanda na wafanyakazi wa filamu, wakaupeleka ujuzi wao wa kemia kwenye utando wa skrini za LCD, kwenye dawa, hata kwenye vipodozi. Wasimulizi husema Fujifilm "walikumbatia teknolojia". Kuna vitu walivyovifunga ili wapate mikono ya kukumbatia, na watu waliopoteza kazi kwa ajili hiyo, na sehemu hiyo sijawahi kuikuta kwenye slaidi.

Nakiri mfano wangu nao una ufa. Tunamjua aliyepona, ndipo tunarudi nyuma kuitafuta hekima yake. Mtu aliyekaa ndani ya Fujifilm mwaka 2001 angetofautishaje busara na kamari? Vitabu vya uongozi vina majibu ya swali hilo. Mimi sina.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kuchagua teknolojia ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Unasoma nyaraka, unaongea na wanaoitumia, unaijaribu kwa data yako badala ya data ya maonyesho ya muuzaji, unakagua usalama na faragha, unapiga hesabu ya gharama za kuiendesha baada ya mwaka wa kwanza wa punguzo. Wahandisi wazuri huyamaliza haya bila kelele. Kinachokula muda ni kujua kampuni inafanyaje kazi kweli, mbali na michoro iliyobandikwa ukutani.

Chukua ankara. Idara ya malipo inataka akili mnemba izisome. Muuzaji anaonyesha: PDF inaingia, namba zinatoka, makofi. Sasa kaa pembeni ya karani wa malipo asubuhi moja tu. Utamwona anaichapisha ankara kwenye karatasi, anaizungushia namba ya oda kwa kalamu nyekundu, kisha anafungua faili lake la Excel ambalo idara ya TEHAMA haijawahi hata kulisikia. Kumbe kuna msambazaji anayeleta mzigo wa oda moja kwa awamu tatu, na mfumo wa uhasibu unakubali hati moja tu ya mapokezi kwa kila ankara. Faili lile ndilo linalokumbuka kipi kimefika na kipi bado. Weka programu ya kusoma ankara juu ya hali hiyo: itazisoma vizuri sana, halafu zitakwama palepale zilipokuwa zikikwama, ila sasa zitafika hapo mapema zaidi. Miezi michache baadaye ripoti itaandikwa kwamba "wafanyakazi wanapinga mabadiliko".

Sentensi hiyo ndiyo inayonichemsha damu kuliko hata Kodak. Karani yule hapingi chochote. Anaziba kwa mkono pengo lililoachwa na mfumo, kila siku, bila kulipwa ziada, na faili lake ni maelezo ya kweli ya mchakato kuliko mwongozo wowote wenye nembo ya kampuni. Anajua pia kwamba programu mpya ikikosea, simu ya msambazaji mwenye hasira italia kwake, haitalia kwa muuzaji. Kiongozi wa teknolojia anayejua kazi anaanzia kwenye faili hilo. Kanuni gani zimo humu? Ipi bado inahitajika, na ipi ni mabaki ya mgogoro na mtu ambaye hata hafanyi tena biashara na kampuni? Nani ana mamlaka ya kuifuta? Mara nyingi mwenye mamlaka hayo hana uhusiano wowote na kompyuta, ni mkuu wa ununuzi, na mazungumzo naye ni marefu na hayaishii kwa makofi.

Wala jambo hili si geni. Kituo cha umeme cha Edison cha Pearl Street, New York, kilianza mwaka 1882. Viwanda vingi vilipouchukua umeme, viling'oa injini ya mvuke na kuweka mota kubwa mahali palepale, ikizungusha shafti ileile ya darini na mikanda ileile iliyoendesha mashine zote. Mwanauchumi Paul David aliieleza hali hiyo mwaka 1990: faida kubwa ya tija ilingoja hadi miaka ya 1920, mota ndogo zilipofungwa kwenye kila mashine na majengo yakapangwa upya kufuata mtiririko wa kazi. Leo kampuni zinafunga akili mnemba kwenye shafti ya darini, kisha zinalalamika kwamba haizunguki kwa kasi.

Kuna na kuzima vya zamani, kazi isiyompandisha mtu cheo. Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa ya Knight Capital iliingiza programu mpya kwenye seva zake nane, lakini moja ikasahaulika. Kwenye seva hiyo kulikuwa na kipande cha programu ambacho hakikuwa kikitumika tangu 2003 na hakuna aliyekiondoa. Tarehe 1 Agosti, alama ya zamani ya kuwashia, iliyopewa kazi mpya, ikakiamsha. Kwa muda wa takriban dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Kwa hiyo ombi la kununua kipya likifika mezani kwangu bila kutaja kinachozimwa, tarehe ya kukizima na jina la atakayesaini, linarudi lilikotoka.

Na wanaodhani aliyewahi ndiye aliyeshinda waliulize soko la hisa la Australia. ASX walitangaza mwaka 2017 kwamba mfumo wao wa malipo ya hisa utahamia kwenye teknolojia ya aina ya blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi. Novemba 2022 wakausimamisha mradi na kuandika hasara ya takriban dola milioni 250 za Australia. Walikuwa mbele ya karibu kila mtu.

Linaloninyima usingizi ni majaribio. Watu wanaojitokeza kuijaribu programu mpya ni wale wenye hamu, waliokwisha kuichezea nyumbani, na matokeo yao huwa mazuri. Kutoka hapo kwenda idara nzima sijapata hesabu ninayoiamini. Asilimia ninazoandika kwenye ripoti ni makisio yaliyovaa tai, na kila mwenzangu ninayemuuliza faraghani ananiambia hivyohivyo kuhusu zake. Nilichobakiwa nacho ni kudai kwamba nusu ya kikundi cha majaribio wawe watu wasioitaka kabisa programu hiyo. Wauzaji hawalipendi sharti hilo, maana hao ndio wanaokuja asubuhi ya kwanza na ankara ya awamu tatu mkononi, wanaiweka mezani na kusema, "Haya, isome hii."