Oili Nzito Haizuii Injini ya Rota Kula Oili

Kila joto la kaskazi linapoingia Mombasa, mwenye Mazda RX-8 husikia ushauri uleule: tia oili nzito ya 20W-50, kwa kuwa mji una joto na gari linalopunguza oili injini yake imechakaa. Hoja zote mbili zina kasoro. RX-8 hutumia injini ya rota, yaani yenye kipande cha pembe tatu kinachozunguka badala ya pistoni, nayo imeundwa kula oili, maana pampu ndogo huipeleka kidogo kidogo ndani ya chumba cha mwako ili ilainishe sili, yaani vizibo vya kuzuia gesi kuvuja, zilizo kwenye ncha tatu za rota, kisha ikaungua pamoja na petroli. Ama joto, namba ya pili ya oili, kama 50 katika 20W-50, inayoonyesha uzito wake ikiwa moto, hupimwa oili ikiwa nyuzi 100 za Selsiasi, si kwa nyuzi 32 za Nyali mchana. Mazda yenyewe ilipendekeza 5W-20 nchini Marekani na 5W-30 kwingineko. Anayekwenda mbio za mashindano aweza kuhitaji nzito zaidi. Wa foleni ya Changamwe, sioni sababu. La muhimu zaidi, kila ujazapo petroli, gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha ukisome. Oili ikishuka, ongeza.