Theluthi ya mjane: mirathi katika mashamba ya Marekani ya kikoloni

Theluthi ya mjane ilikuwa haki ya mke aliyefiwa, katika makoloni ya Waingereza huko Amerika Kaskazini, kutumia fungu moja kati ya matatu ya ardhi na majengo ya marehemu mumewe hadi naye afe. Neno la kushika ni "kutumia". Ardhi haikuwa yake: hakuweza kuiuza wala kumrithisha mtu, na akikata miti ovyo warithi waliweza kumshtaki kwa kuharibu mali yao. Akifa, fungu hilo linarudi kwa watoto. Aliyezoea mirathi ya Kiislamu asichanganye mambo: thumni ya mjane mwenye watoto ni ndogo kuliko theluthi, lakini ni mali yake kabisa. Faida ya theluthi ilikuwa kwamba, kwa kawaida, wadai wa marehemu hawakuweza kuigusa.

Shamba unaweza kulipima kwa kamba. Nyumba je? Huko New England, yaani makoloni ya kaskazini-mashariki kama Massachusetts na Connecticut, mahakama ya mirathi iliteua majirani wachache wenye mashamba yao, wakaingia ndani, wakagawa na kuandika. Mjane apewe chumba cha mashariki na dari lililo juu yake, sehemu ya stoo ya chini ya ardhi, ruhusa ya kupita mlango wa mbele, kuteka maji kisimani, kuoka mkate kwenye tanuri, na kufunga ng'ombe wake upande mmoja wa banda. Upande wa pili wa ukuta anaishi mwanawe na mkaza mwana, na tanuri ni moja.

Waume wengine hawakuingoja mahakama. Waliandika wosia na kutaja kila kitu: vipimo vya mahindi kwa mwaka, nyama ya nguruwe, kuni zilizokwisha kukatwa zifikishwe mlangoni, pengine na farasi wa kumpeleka kanisani. Mara nyingi sharti likafuata: haya yote maadamu hajaolewa tena. Wengi husoma sharti hilo kama wivu wa marehemu, nami naona zaidi hofu ya shamba kuangukia mikononi mwa mume mpya. Zile kuni ndizo zinazonigusa. Baba hamwandikii mwanawe amri ya kumpelekea mama yake kuni kama hana shaka naye.

Kwa watoto, sheria zilitofautiana. Massachusetts iliamua mwaka 1641 kwamba baba akifa bila wosia, kifungua mimba wa kiume apate mafungu mawili, kama inavyosema Kumbukumbu la Torati 21:17. Wakiwa watoto sita, mali inagawanywa mara saba: yeye mbili, wenzake moja moja, wasichana wakiwemo. Hata hivyo binti mara nyingi alipewa lake siku ya kuolewa, nalo lilikuwa kitanda na matandiko, vyombo, pengine ng'ombe. Ardhi ilibaki kwa kaka zake. Na shamba likiwa dogo kiasi kwamba kulikata ni kuliharibu, mrithi mmoja alilichukua zima na kuwalipa wenzake thamani ya mafungu yao.

Virginia, koloni la kusini, ilifuata Uingereza: bila wosia, ardhi yote ni ya kifungua mimba wa kiume. Na huko "mali" ilikuwa na watu ndani yake. Sheria ya mwaka 1705 iliwahesabu Waafrika waliotumikishwa kuwa kama ardhi katika urithi, kwa hiyo mjane alipata theluthi yao pia ya kumtumikia maisha yake yote, na waliobaki wakagawiwa warithi. Mama aliyetumikishwa aliweza kuangukia fungu moja na mwanawe jingine.

Mgongano wa desturi hizi mbili ulifika London. John Winthrop wa Connecticut, ambaye baba yake alifariki mwaka 1717, alidai ardhi yote dhidi ya dada yake Anne, mke wa Thomas Lechmere. Mwaka 1728 baraza la mfalme likampa ushindi na kuifuta sheria ya Connecticut ya kugawia watoto wote. Wakoloni walipinga kwa hoja ya mkulima: pori hili lilifyekwa na watoto wote; wangelifyeka kwa nini kama lote ni la mmoja? Mwaka 1738 shauri kama hilo kutoka Massachusetts likaamuliwa kinyume.

Baada ya uhuru, Virginia ilifuta upendeleo wa kifungua mimba kwa sheria ya mwaka 1785, na Massachusetts ikaondoa fungu maradufu mwaka 1789. Sheria ya mwaka 1787 ya maeneo mapya kaskazini-magharibi mwa mto Ohio iliwapa watoto wote mafungu sawa. Mjane akaachiwa theluthi ya ardhi, maisha yake yote, ile ile ya zamani.