Rasashastra: elimu ya zebaki katika tiba ya India ya kale

Katika Kisanskriti, neno rasa lina maana nyingi: utomvu wa mmea, ladha ya chakula, kiini cha kitu, hata majimaji ya kwanza ambayo mwili huyapata kutoka kwenye chakula. Kwa watu wa fani hii, rasa ni zebaki. Shastra ni elimu. Rasashastra basi ni elimu ya zebaki, na kwa upana wake ni ufundi wa kuchukua metali, mawe na sumu na kuvifanyia kazi kwa moto, mimea na kusaga mpaka viwe dawa. Hiyo ndiyo alkemia ya India, na imo ndani ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hadi leo.

Ukitaja alkemia, wengi hufikiria watu waliotaka kugeuza risasi iwe dhahabu. Wahindi nao walilitaka hilo, lakini kwao lilikuwa nusu ya kazi tu. Rasarnava, kitabu cha karne ya 11 au 12 kilichoandikwa kama mazungumzo kati ya mungu Shiva na mungu mke, kinasema kwamba zebaki hufanya mwilini kile inachofanya kwenye metali. Ijaribu kwanza kwenye metali, halafu ndipo uile. Zebaki iliyoweza kuitoa shaba katika uduni wake na kuifanya dhahabu, ambayo haishiki kutu wala haiozi, ilitarajiwa kuufanyia mwili wa binadamu vivyo hivyo.

Kwa nini zebaki, katika vitu vyote vya duniani? Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita wangeweza kulijibu swali hilo bila kufungua kitabu. Ni metali, lakini inatiririka. Ukiishika inakukimbia. Ukiipasha moto inageuka mvuke na kutoweka. Na ikikutana na dhahabu inaimeza. Wanaalkemia wa India walisema ni mbegu ya Shiva, na kiberiti (salfa, madini ya njano) kikahusishwa na damu ya mungu mke. Ulanga, yale mawe yanayobanduka vipande vyembamba vya kung'aa, nao ukawa wa mungu mke huyo.

Lakini kinachonivutia zaidi ni lugha yao ya kazi. Waliorodhesha hatua 18 za kuishughulikia zebaki, na wakaizungumzia kama mgonjwa anayeuguzwa. Kwanza inatolewa jasho kwa mvuke. Inasagwa, inazimishwa, inaamshwa, inageuzwa mvuke na kukusanywa tena. Hatua ya nane inaiamsha njaa. Kuanzia hapo inalishwa: kiasi cha metali inachopewa kinaitwa grasa, yaani tonge, na baadaye inaachwa iyeyushe chakula chake. Hatua ya 17 ni kuipenyeza kwenye metali nyingine, na ya 18 ni kuliwa na mtu. Waganga waliotaka dawa tu hawakufika huko mbali. Kwao hatua nane za mwanzo zilitosha.

Dawa nyingi za fani hii huanzia kwenye unga mmoja, kajjali. Zebaki iliyosafishwa na kiberiti hutiwa kwenye kinu cha jiwe, kisha mchi unaanza kuzunguka. Mwanzoni matone yanakwepa huku na huko. Baada ya muda rangi ya njano ya kiberiti inafifia, inakuwa kijivu, halafu nyeusi. Hapo bado. Kazi inaendelea kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, na kipimo chake ni hiki: chukua kidogo, kipake maji kiganjani, kitazame juani. Ukiona hata nukta moja inayong'aa, zebaki huru ingali humo, na mchi unarudi kazini. Jina lenyewe limetokana na kajjala, yaani wanja, na ukiuona unga huo ulivyo mweusi na laini utaelewa kwa nini. Kwa lugha ya kemia, ni salfaidi ya zebaki. Ukipashwa moto ndani ya chupa ya kioo iliyozungukwa na mchanga, mvuke wake huganda shingoni mwa chupa na kuwa kitu chekundu kiitwacho rasasindura.

Upande wa metali na madini, neno la kulijua ni bhasma, yaani majivu. Chuma, shaba, bati, dhahabu au ulanga husafishwa kwanza: hupashwa moto na kuzamishwa mara kwa mara kwenye mafuta, mtindi na vimiminika vingine. Kisha husagwa na utomvu wa mimea, hufanywa vidonge bapa, hukaushwa, hufungiwa kati ya vyungu viwili vilivyozibwa kwa udongo, na kuchomwa shimoni kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Kisha yote yanarudiwa. Ulanga ulio bora kabisa ulitakiwa uchomwe mara 1,000.

Majivu yakishatoka, yanapimwa. Yakisuguliwa kati ya vidole lazima yaingie kwenye mistari ya ngozi. Yasing'ae. Yakinyunyizwa juu ya maji yaliyotulia lazima yaelee, na punje ya nafaka ikiwekwa juu yake isizame. Mwisho, yakipashwa moto pamoja na asali, samli na vitu vingine vilivyotajwa, yasirudi tena kuwa metali. Naviheshimu sana vipimo hivi. Watu hawa hawakuwa na hadubini, ila walijua kuuliza kama unga ni laini vya kutosha na kama metali imebadilika kweli.

Ustadi huo wa moto haukuishia kwenye dawa. Zinki ni ngumu kuipata kwa sababu hugeuka mvuke kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na joto linalohitajika kuitoa kwenye mawe yake linapita hapo. Kwenye tanuru la kawaida inapotelea hewani. Huko Zawar, Rajasthan, mafundi walitumia vyungu vyenye umbo la biringani vilivyopinduliwa, mvuke ukashuka chini na kugandia kwenye ubaridi. Kitabu cha tiba na alkemia, Rasaratnasamuccaya, kinaeleza mbinu hiyohiyo.

Habari za fani hii zilisafiri. Al-Biruni, msomi wa Kiislamu, alipoandika kuhusu India yapata mwaka 1030, alimtaja Nagarjuna, bingwa wa elimu hii aliyetoka karibu na Somnath, na yeye mwenyewe hakuyaamini madai ya kurudisha ujana. Marco Polo, msafiri wa Venisi, alisimulia juu ya mayogi, watawa wa Kihindi, wanaokunywa mchanganyiko wa zebaki na kiberiti ili waishi miaka mingi.

Je, dawa hizi ni salama? Nasema wazi: ustadi wa kusaga na kuchoma hauondoi risasi wala zebaki. Salfaidi ya zebaki haiyeyuki kwa urahisi, kwa hiyo mwili huchukua kidogo kuliko kutoka kwenye chumvi nyingine za zebaki, lakini kidogo hicho hujilimbikiza. Mwaka 2008 watafiti walipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kwa dawa za rasashastra peke yake ilikuwa mbili kati ya tano. Dawa nyingi za Ayurveda ni za mimea tu na hazihusiki na jambo hili.

Kwa hiyo ukinunua dawa ya Kihindi, iwe Mombasa, Dar es Salaam au mtandaoni, soma karatasi yake. Rasa, ras au bhasma ni ishara ya kusimama na kuuliza. Parada ni zebaki, hingula ni jiwe lake jekundu, naga ni risasi, haritala na manahshila ni aseniki. Mjamzito na mtoto wasipewe kabisa. Na aliyekwisha kuzitumia, kisha tumbo likamkata, choo kikawa kigumu au damu ikapungua bila sababu, aende hospitali na kopo lenyewe mkononi, amwombe daktari apime kiwango cha risasi kwenye damu.